Jibu: Je, maabara inapandisha kweli alama za kemia?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama vipindi vya maabara vinapandisha alama za kidato cha nne au vinakula tu muda wa kumalizia mada. Vinapandisha, ilimradi mwanafunzi awe anafikiri huku ameshika bureti (mrija wenye vipimo na koki chini). Madarasa mengi hufanya titresheni (kudondosha asidi kwenye besi hadi rangi igeuke) kwa kufuata maelekezo tu: rangi ikigeuka wanaandika ujazo na kufunga daftari. Hapo hakuna kilichoingia kichwani. Kabla hawajafungua koki, waulize: asidi hii ingekuwa na ukolezi maradufu, ujazo utakaotumika ungeongezeka au ungepungua? Kila mmoja aandike jibu lake, kisha wapime. Hesabu za moli (kipimo cha kiasi cha kemikali), zinazowatesa sana kwenye karatasi ya nadharia, huanza kueleweka hapo.

Uhaba wa kemikali usikukatishe tamaa. Chemsha choya upate kiashiria, yaani kimiminika kinachobadili rangi kwenye asidi au besi: chekundu kwenye siki, kijani kwenye maji ya magadi. Maganda ya mayai ndani ya siki hutoa kabonidayoksaidi, nayo hugeuza maji ya chokaa kuwa meupe. Badala ya bureti, bomba la sindano la mililita 10 linatosha kwa mazoezi. Bureti chache mlizonazo zitunze kwa wiki za mwisho, na kila mtoto asome kipimo mwenyewe, asimtazame mwenzake.