Kichaka si uvivu

*"Nina ekari 30 za vichaka Chamwino. Majirani wananicheka, eti kulima kumenishinda. Nifyeke zote?"*

Fyeka utakapopanda msimu huu, basi. Tabia ya kusafisha shamba zima ili watu wajue lina mwenyewe imetuachia makorongo. Kondoa ilichimbika hadi mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), ulioanza 1973, ukaja kuhamisha mifugo yote kutoka kwenye milima iliyomomonyoka mwaka 1979. Ardhi ilipopumzishwa, nyasi na vichaka vikarudi.

Acha ukanda wa vichaka kando ya korongo, uungane na wa jirani, maana digidigi hapendi kukatiza uwanja mweupe. Visiki vya migunga usivichome. Chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, pogoa mengine, funga kitambaa mchungaji ayaone. Kisiki nilichokuwa najikwaa nacho kila masika, sasa kwale ametaga chini yake.

*"Kanga wakiingia shambani kwangu ni wangu?"*

Si wako. Kuwawinda bila kibali ni ujangili.

*"Tembo wamemaliza mahindi yangu. Fidia naipataje?"*

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Hakuna fidia, kuna kifuta jasho, yaani pesa kidogo ya serikali ya kukupa pole, nacho hakifikii ulichopoteza. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, kabla hujang'oa mabua, ofisa wanyamapori aje kukagua. Na kama umelima ndani ya mita 500 za mpaka wa pori la akiba, usianze hata kulalamika. Mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba huwasumbua tembo, na asali unauza. Halafu mahindi, Dodoma hii, mtama na uwele vimekukosea nini?

*"Nikihifadhi, si watanitwalia ardhi wakaifanya hifadhi?"*

Hofu yako ina msingi. Ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, lakini mwenye karatasi husikilizwa kuliko mwenye maneno. Omba hatimiliki ya kimila, ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na uhudhurie kikao kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi. Hukwenda, wengine watakupangia.

Na jihadhari na hawa madalali wa hewa ukaa, wanaoahidi kukulipa ukiacha miti ifyonze hewa hiyo, wanaopita na mikataba ya lugha usiyoisoma. Waulize miaka mingapi, na je, utaruhusiwa kukata hata fito ya zizi? Akijing'atang'ata, mrudishie kalamu yake.