Asilimia 95 ya nini? Majibu kuhusu kosa sanifu, masafa ya uhakika na thamani ya p

Mkuu, umesema fomula zote unazo kichwani na mahesabu yanatoka, ila ukiulizwa ile 95% ya masafa ya uhakika (namba mbili unazokadiria kwamba wastani wa kundi zima uko kati yake) ni ya nini, huna jibu. Umeuliza pia kwa nini tunagawa kwa kipeuo cha pili cha n, yaani idadi ya vipimo, na kama p ndogo maana yake nadharia tete, yaani dai linalojaribiwa, ni ya uongo. Nimewasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo hili kwa miaka kadhaa, na maswali haya matatu huja pamoja karibu kila mara. Chanzo chake ni kimoja: mada ya mgawanyo wa sampuli hupitwa mbiombio kwa vile haina mahesabu mengi, halafu kila kinachofuata kinasimama juu yake.

Kuna migawanyo mitatu, na watu huichanganya. Wa kwanza ni wa kundi zima unalotaka kulijua. Wa pili ni wa vipimo ulivyo navyo mkononi. Wa tatu huuoni popote: ni mgawanyo wa wastani zote ambazo ungezipata kama ungechukua sampuli ya ukubwa uleule tena na tena. Huo wa tatu ndio mgawanyo wa sampuli, na mkengeuko wake sanifu (kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuuzunguka wastani) ndio tunaouita kosa sanifu.

Tuchukue kundi lenye mkengeuko sanifu wa 12, nawe unapima vitu 36 vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Varianso ya kipimo kimoja, yaani mkengeuko sanifu mara wenyewe, ni 144. Vipimo vikiwa huru, varianso hujumlishana, kwa hiyo jumla ya vipimo 36 ina varianso ya 36 × 144. Ili kupata wastani unagawa jumla hiyo kwa 36, na varianso inagawanywa kwa 36 mara 36. Inabaki 144 ÷ 36 = 4, kipeuo chake 2. Hapo ndipo kipeuo cha n kinapotokea. Angalia pia gharama yake: ukitaka kosa lipungue kwa nusu, huhitaji vipimo mara mbili, unahitaji mara nne.

Kuhusu ile kanuni ya "n ikifika 30 mambo ni shwari", usiichukulie kama sheria. Wastani za sampuli huelekea umbo la kengele kadiri n inavyokua, lakini kundi lililopinda sana upande mmoja linahitaji zaidi ya 30, na lililo sawia huhitaji pungufu.

Anayenisaidia sana kufundisha hapa ni William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Alikuwa na sampuli ndogo ndogo, na mkengeuko wa kundi zima hakuujua. Mwaka 1908 alichapisha kazi yake kwa jina la "Student", kwa kuwa mwajiri hakuruhusu atumie jina lake. Pamoja na hesabu zake za karatasini, alichukua vipimo vya urefu na kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, vilivyokuwa vimekusanywa na wengine, akaviandika kwenye vipande 3,000 vya kadibodi, akavichanganya vizuri, akavitoa na kuvipanga vinne vinne. Akapata sampuli 750, akakokotoa kila moja na kulinganisha na mkunjo wake. Yaani aliutengeneza mgawanyo wa sampuli kwa mikono! Ndiyo maana leo, kwa sampuli ya vipimo 4 tu na mkengeuko wa kundi usiojulikana, jedwali la t lililotokana na kazi yake linakupa 3.182 mahali pa 1.96, ile namba ya kuzidisha kosa sanifu katika masafa ya 95% mkengeuko wa kundi ukijulikana.

Turudi kwenye mfano. Tuseme 12 tunaijua, wastani wa kundi hatuujui, na sampuli yako ya 36 imetoa 53.5. Masafa ya uhakika ni 53.5 ± 1.96 × 2, yaani kuanzia 49.58 hadi 57.42. Wastani wa kundi hauhami. Kinachohama kutoka sampuli hadi sampuli ni masafa yako. Ile 95% ni sifa ya njia: ukiirudia mara nyingi, takribani masafa 19 katika kila 20 yatauzingira wastani wa kweli. Haya ya kwako ama yameuzingira ama hayajauzingira.

Sasa mtu anadai wastani wa kundi ni 50. Uweke mgawanyo wa sampuli juu ya 50, kisha uliza 53.5 iko mbali kiasi gani: makosa sanifu 1.75. Uwezekano wa kufika umbali huo au zaidi, pande zote mbili, ni kama 0.08. Hiyo ndiyo p. Imekokotolewa kwa kuchukulia kwamba 50 ni kweli, basi haiwezi kuwa uwezekano wa 50 kuwa kweli. Na ona kwamba 50 imo ndani ya masafa yako. Si bahati: masafa ya 95% ni mkusanyiko wa thamani zote ambazo jaribio la 0.05, yaani lile linalokataa dai p ikiwa chini ya 0.05, lisingezikataa. Hata 55 imo. Ndiyo maana hatusemi "tumekubali 50", maana ingebidi tukubali na 55 pia.

Ungepima vitu 144 na kupata 53.5 ileile, kosa lingekuwa 1 na p chini ya 0.001. Tofauti ni ileile 3.5. Kwa hiyo p peke yake haikuambii tofauti ni kubwa kiasi gani. Mimi nikisoma ripoti yenye p bila masafa huwa naiona nusu kazi.

Kabla hujafungua tena kitabu, fungua programu ya majedwali. Tengeneza sampuli 1,000 za namba 36 kutoka mgawanyo wa kawaida wenye wastani 50 na mkengeuko 12. Mkengeuko wa wastani zako ukaribie 2, na masafa yanayoikosa 50 yawe karibu na 50 kati ya 1,000. Ukipata kama 740, umesahau kipeuo mahali fulani, bandika fomula zako hapa tuzione.