Usianze na washindi peke yao

Wewe unayeingia sasa kwenye hadithi za kisayansi na za njozi zilizowahi kuteuliwa kuwania tuzo, usipite njia niliyopita mimi. Niliorodhesha washindi wa tuzo ya Hugo tangu 1953, mwaka tuzo hiyo ilipotolewa mara ya kwanza, nikawa nasoma mmoja baada ya mwingine. Mabingwa niliwajua, ila sikujua walishindana na nani.

Siku hizi nachagua mwaka mmoja na kusoma riwaya zake zote zilizoteuliwa. Anza na 1970. Ilishinda The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin, na miongoni mwa nne zilizoshindwa ilikuwemo Slaughterhouse-Five ya Kurt Vonnegut. Ya kwanza inakupeleka kwenye sayari ya baridi kali ambako watu hawana jinsia ya kudumu. Ya pili inamrusha askari huku na huko ndani ya umri wake mwenyewe, na kila mara anajikuta tena vitani, katika mji wa Dresden, Ujerumani, uliochomwa kwa mabomu. Zisome zikifuatana, usiweke kitabu kingine katikati. Mimi nilipofanya hivyo ndipo nilipoacha kudhani kwamba kilichoshindwa ni dhaifu. Hata Flowers for Algernon ya Daniel Keyes, iliyoshinda Hugo ya 1960 ikiwa hadithi fupi, ilirefushwa kuwa riwaya, ikateuliwa tena 1967 na ikakosa.

Jua pia wapiga kura ni akina nani. Hugo huamuliwa na wanachama wa Worldcon, mkutano wa kila mwaka wa mashabiki wa hadithi hizi, na msomaji yeyote anayelipa ada anaweza kuwa mwanachama. Nebula, tuzo nyingine ya hadithi hizi, huamuliwa na waandishi wenyewe kupitia chama chao. Riwaya hiyo ya Keyes iliyokosa Hugo ilipata Nebula, ikigawana ushindi na nyingine. Nikikuta tofauti ya namna hiyo hukisoma kitabu polepole zaidi, nikitafuta waandishi waliona nini humo.

Huna muda? Soma hadithi fupi zilizoteuliwa, ambazo kwa kanuni za tuzo hizi mbili hazifiki maneno 7,500. Unamaliza moja kwa kikao kimoja, na mawazo mapya mara nyingi hujitokeza huko kabla ya kufika kwenye riwaya.

Chunga mifululizo. N. K. Jemisin alishinda Hugo ya riwaya 2016, 2017 na 2018 kwa vitabu vitatu vya simulizi moja. Ukianza na cha 2018 utapotea kabisa.

Na tafadhali, kabla ya kuangalia nani alishinda, andika wewe ungempa nani na kwa sababu gani. Kwenye daftari langu, kwa tuzo ya 1970, nilimweka Vonnegut juu. Miaka mitatu baadaye nilirudia vitabu vyote viwili, nikampa Le Guin, lakini ile sentensi ya kwanza sijaifuta.