Mfarishi wenye mawimbi pembezoni
Je, mfarishi (blanketi la vipande vya kitambaa vilivyoungwa, lenye pamba ndani) ukipata mawimbi pembezoni, yaani kingo zisipolala bapa, ni lazima uufumue wote? Hapana, huna haja; fumua ukanda wa nje peke yake, ule uliozungushiwa kingo. Mawimbi hayo kwa kawaida hutokea pale ukanda unapokuwa mrefu kuliko mwili wa mfarishi, kwa kuwa mshonaji hupima ukingoni, ambako kitambaa kimeshavutika, hasa kama vipande vilikatwa mshazari. Laza kazi yako mezani, ibonyeze kwa pasi bila kuisukuma, pitisha utepe wa kupimia katikati, kisha kata kanda mbili zinazokabiliana kwa kipimo hicho hicho. Bana miisho ya ukanda kwenye mfarishi kwa pini kwanza, halafu katikati, ndipo ujaze nafasi zilizobaki. Upande uliolegea ukae chini, kwani meno ya cherehani, yale yanayovuta kitambaa chini ya sindano, huumeza ulegevu kidogo kidogo (nimeshona mifarishi ya kutosha kuziamini pini kuliko macho). Haya yanafaa kabla hujaunganisha pamba na kitambaa cha chini. Ukishaunganisha, kufumua hakulipi, na mawimbi madogo mara nyingi hupungua yakipitishiwa mishono iliyokaribiana.