Dumu la mawese, chupa ya soda na dawa za chumba cha giza

Fundi, shikamoo. Hapa Ujiji madumu ya mawese yamejaa nyumbani. Naweza kuwekea divelopa, ile dawa ya kutokeza picha kwenye filamu? – Msomaji, Kigoma

Marahaba. La mawese, hapana. Hata ulisugue kwa sabuni na mchanga, mafuta yanabaki kwenye mkono wa dumu ambako brashi haifiki, na siku ya kusafisha mkanda wa filamu utayakuta yanaelea juu ya dawa. Yakishika filamu, dawa haipenyi pale na picha inatoka na madoa. Tena madumu mengi ni plastiki namba 2 (tazama pembetatu kitakoni), ambayo hupitisha hewa polepole. Hewa ndiyo inayoua divelopa. Utaiona imekuwa kahawia kama chai ya rangi. Fiksa, dawa ya kuifanya picha idumu, inavumilia zaidi, iweke kwenye dumu lililobeba maji tu.

Na chupa za soda? – Msomaji, Kasulu

Hizo ni namba 1, zinazuia hewa vizuri. Changanya dawa kwenye ndoo, iache ipoe, maana chupa hizi hunywea kwa maji ya moto. Ukishamimina, ibinye chupa mpaka dawa ifike mdomoni, ndipo ufunge. Ikae gizani.

Lakini hapa naomba mnisikilize. Fiksa haina rangi, ukiitazama ni maji. Mpwa wangu alitoka kucheza mpira, jasho linamtiririka, akaiona chupa niliyoiacha chini ya meza. Nilimkuta ameshafungua kizibo. Tangu siku ile nabandua lebo yote, nazungushia chupa utepe mwekundu, naandika SUMU kwa maka peni, kisha naifungia kabatini kwa kufuli. Kama una watoto na huna kufuli, chupa ya kinywaji usiiguse kabisa.

Ndoo ya asali niliyowekea fiksa, nikiiosha inarudi kwenye asali? – Msomaji, Tabora

Hairudi. Itoboe, isije ikaokotwa na mtu mwingine.

Dumu la fiksa naweza kuligeuza la divelopa?

Usifanye hivyo. Mabaki kidogo ya fiksa yanatosha kuharibu divelopa, na hata vizibo visibadilishane. Andika D na F kwenye chupa na kwenye kizibo chake.

Fiksa iliyochoka niimwage ziwani?

Hapana, tafadhali! Imebeba madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu, na yanadhuru viumbe wa majini. Ikusanye kwenye ndoo ya plastiki, tumbukiza stilwaya ya kusugulia sufuria, uiache siku kadhaa. Fedha itajitenga, itulie chini kama tope jeusi.