Si mjusi, na kumshika hakuui

Umeuliza kama yule "mjusi" mwenye tumbo la rangi ya chungwa, wa milima ya Sierra Nevada kule California, anaua ukimshika. Kwanza si mjusi, ni salamanda, ndugu wa chura. Huku kwetu hutamkuta, kusini mwa Sahara hawapo kabisa. Jina la kitaalamu ni Taricha sierrae.

Sumu iko kwenye ngozi, na ni ileile ya samaki bunju: tetrodotoksini. Inaziba njia za sodiamu kwenye neva, yaani vitundu vidogo ambavyo neva huvitumia kupeleka ishara, misuli inalegea, pumzi inakata. Ukimshika, nawa mikono kabla hujagusa jicho au mdomo, basi. Kumla ndiyo balaa. Mwaka 1979 huko Oregon kijana wa miaka 29 alimmeza Taricha granulosa, wa jamii hiyohiyo, kwa ubishi tu wa ulevini. Akafa.

Salamanda huyu akitishwa hakimbii. Anapinda mgongo, anainua kidevu na mkia, tumbo lote la chungwa linaonekana. Ila nyoka wa hukohuko, Thamnophis couchii, anamla vizuri tu: njia zake za sodiamu zimebadilika, sumu haishiki.