Mikrojeli haisinyai ukipandisha joto

Mkuu, umeuliza kwa nini mikrojeli yako ya PNIPAM (chembe ya wavu wa polima inayosinyaa majini ikipata joto) haisinyai kwenye uigaji wa kompyuta ukipandisha T, yaani joto. Shanga zako, yaani vipande vya polima kwenye modeli, zinasukumana tu (nguvu ya WCA) na maji hayamo, kwa hiyo joto likipanda zinatikisika zaidi, basi. Acha T kwenye 1.0, kisha ongeza mvutano kati ya shanga: alfa (ukubwa wa mvutano huo) kutoka 0 hadi 1.2, kwa hatua za 0.1. Mpito wa kusinyaa uko karibu na alfa 0.63, ndiyo ile nyuzi joto 32 (Selsiasi) ya maabara. Kwenye LAMMPS (programu ya uigaji) ingiza mvutano huo kama jedwali, mkato (umbali unapokoma) 1.5.

Kosa la "Bad FENE bond" (bondi ya FENE kati ya shanga imenyooka kupita kikomo chake, R0) mara nyingi ni shanga zilizopandana mwanzoni. Punguza nishati kwanza kwa bondi za hamoniki (kama springi, zisizo na kikomo), ndipo uweke FENE (k=30, R0=1.5), hatua ya muda 0.002.

Kujenga wavu kwa kimiani cha almasi (mpangilio wa kujirudia kama wa atomi za almasi) nako kuache: kunatoa tufe lenye msongamano sawa kote, ilhali mikrojeli halisi ina kiini kizito na pindo jepesi.